Kapi la Shaba

Kabla ya korona sikuwahi kuusikia ukimya wa Mweiga. Mji wetu umekalia barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu, na tangu alfajiri hadi usiku ni matatu, malori ya viazi na vitunguu, bodaboda, na wufa ya kila kinyozi ikigombea masikio ya wapita njia. Kisha tarehe 27 Machi 2020 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kufikia saa mbili usiku uliweza kumsikia mbwa wa jirani akijikuna uani. Kutoka upande wa msitu wa Nyandarua perere alianza yowe lake la kukwaruza, likipanda kidogo kidogo kama mlango mzito unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watu.

Katika ukimya huo ndipo nilipojifunza kusikiliza muziki. Nasema kujifunza, kwa kuwa muziki nilikuwa nao siku zote, kama mtu aliye na moshi jikoni. Kuuketia chini, taa imepunguzwa, simu iko chumba kingine, mikono haina kazi, hilo sikuwa nimelifanya hata mara moja katika utu uzima wangu.

Mashine ya santuri alikuwa ameniletea binamu yangu kutoka Marekani Krismasi ya 2019. Ilikuwa nzito, kuukuu, imejengwa ndani ya sanduku la mbao, na mota yake huizungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Santuri nilikuwa nazo: sanduku la bati la marehemu guka, babu yangu, limejaa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizokuwa zikiuzwa River Road, Nairobi. Nilinunua transfoma ya kushusha volti 240 zetu ziwe 120, nikachagua wimbo wa Joseph Kamaru, nikateremsha sindano.

Kamaru akaimba kama mzee anayetoka kitandani baada ya homa ndefu. Gitaa lilijikokota. Sauti ile ya mwana wa Kangema, aliyezaliwa mwaka 1939 na kutuimbia hadi vijana wa leo wakamjua, ilikuwa imeshuka hadi nikafikiri santuri imeharibika.

Santuri ilikuwa nzima. Transfoma hubadilisha volti, lakini haibadilishi mwendo wa umeme. Stima ya Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, yetu 50, na mota ya aina ile huutii mwendo wa stima kama askari anavyoitii ngoma. Kwa hiyo sahani iliyopaswa kuzunguka mara 45 kwa dakika ilizunguka mara 37 na nusu. Dawa ni kapi, lile gurudumu dogo la shaba ya manjano lililo kichwani mwa mota: ukilinenepesha kwa moja ya tano, unarudisha kilichopotea. Kuagiza jingine kulikuwa ndoto, kwani ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa tangu tarehe 25 Machi.

Nikapanda matatu kwenda Nyeri mjini, mashine mapajani, tukiwa abiria 8 ndani ya gari la watu 14, barakoa usoni, kila mtu akitazama dirisha lake. Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza. Riziki yake ilikuwa vipuri vya pampu za maji na vya mashine za kukatia ng'ombe majani. Nilimwonyesha kapi.

"Usiniambie ukubwa," alisema. "Niambie linafanya kazi gani."

Nilimweleza. Alilipima: milimita kumi. Akahesabu moja ya tano kwa kidole hewani, akakereza la milimita kumi na mbili, akalisugua kwa msasa laini hadi likang'aa kama pete. Mimi nilikuwa nimekata karatasi ya duara yenye mistari 133 pembezoni, kipimo cha zamani cha watu wa santuri. Ukiizungusha chini ya taa ya tyubu inayotumia stima yetu, na mwendo ukiwa sawa, mistari huonekana imesimama, ingawa karatasi inazunguka. Tuliiweka. Mistari haikusimama. Iliogelea polepole ikirudi nyuma.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Nilikuwa tayari kushukuru na kulipa, maana sauti ingekuwa imepona karibu yote. Yeye akaushika ule mkanda wa mpira, akaubana kati ya vidole viwili.

"Huyu naye ana unene," akasema. "Tumepima shaba, hatukumpima yeye."

Na kweli. Mkanda unapolizunguka kapi, unene wake huingia katika hesabu ya kapi la zamani na la jipya pia, na moja ya tano inapungua. Alikata shaba upya kuanzia mwanzo, milimita kumi na mbili na sehemu mbili za kumi. Tulipowasha, mistari ilisimama tuli chini ya taa. Mzee aliiinamia akaitazama kwa dakika nzima bila kusema neno. Sehemu mbili za kumi za milimita, karibu unene wa karatasi mbili! Nimekutana na watu wengi wanaozungumzia mashine za muziki za bei kubwa, na ninaheshimu elimu yao, lakini kwangu mimi kilele cha ufundi huo kilikuwa siku ile, katika kibanda cha mabati chenye harufu ya grisi, kwa mtu ambaye hakuwa na santuri hata moja nyumbani kwake.

Usiku huo Kamaru alirudishiwa umri wake.

Baada ya hapo nilikishughulikia chumba. Wapo wanaonunua waya wa spika kwa bei ya ng'ombe wa gredi. Siwafuati. Fedha ya kwanza iende kwenye sindano, na jasho lote lililobaki liende kwenye chumba, kwa sababu chumba nacho ni ala, kinapiga pamoja na wanamuziki, na mara nyingi kinapiga vibaya. Nyumba yangu ni ya mawe ya kuchonga, sakafu ya saruji. Ulipopiga kofi katikati ya sebule, lilirudi limekatika vipande vipande likiruka ukuta hadi ukuta. Njia ya kupata mahali pa kutibu ni rahisi na ina raha yake: unaketi kwenye kiti chako cha kusikilizia, na mtu mwingine anasogeza kioo ukutani taratibu. Unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Binti yangu, shule zikiwa zimefungwa, ndiye aliyeshika kioo. Tulitia chaki. Kisha nikatengeneza fremu za mbao, nikazijaza manyoya ya kondoo, maana huku kwetu Kieni kondoo hawakosekani, nikazifunika kwa gunia na kuzitundika juu ya zile alama.

Tofauti ilijitokeza pale nilipoweka santuri ya mwomboko. Ngoma hii ya wazee wetu, iliyovuma kabla ya uhuru, husimama juu ya vitu viwili: kinanda cha mkono, yaani akodioni ya kuvuta na kusukuma, na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa ufito wa chuma. Hakuna mtihani mgumu kwa spika kuliko karing'aring'a. Kwenye redio mbovu ni kelele ya bati tu. Katika chumba kilichotulia unasikia ufito ukigusa, kisha chuma kikiitika, kisha mlio ukirefuka na kukonda, na kabla haujafa pigo jingine limeufikia. Unasikia kinanda kikivuta pumzi. Unasikia hata kimya cha chumba cha kurekodia, ambacho ni tofauti na kimya cha sebule yangu, na kwa dakika tatu vimya hivyo viwili vinakaa pamoja.

Mwaka huohuo wa 2020 mjukuu wa Kamaru, mwenye jina lilelile la Joseph Kamaru lakini anayejulikana zaidi kama KMRU, alitoa albamu yake *Peel* kupitia lebo ya Editions Mego. Haina gitaa wala kibwagizo. Ni sauti za mahali, zilizonyooshwa na kutandazwa hadi zinakuwa kama ukungu wa asubuhi upande wa Nyandarua. Kijana huyu ndiye pia anayezitoa upya rekodi za babu yake, aliyefariki Oktoba 2018. Niliisikiliza *Peel* usiku, mara ya kwanza bila kuielewa, mara ya pili nikiwa nimeacha kutaka kuielewa. Babu aliimba ili umsikie anachosema. Mjukuu anakuketisha ili usikie kilichokuwepo kabla ya mtu kusema. Sikuwapa nafasi tofauti kwenye rafu.

Kafyu ilidumu kuliko tulivyodhani, ikisogezwa mbele na kurudishwa nyuma, hadi ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa, katika sherehe zilizofanyika Wang'uru, Kirinyaga. Usiku ule matatu zilipita Mweiga zikipiga honi, na sikuweka santuri.

Wiki chache baadaye cucu, bibi mzee anayeishi nyuma ya ploti yetu, alikuja mchana. Mumewe alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, wakati watu 15 tu ndio walioruhusiwa mazishini, na wenzake wa zamani wa mwomboko walibaki makwao. Kutoka kwenye kiondo alitoa santuri iliyofungwa kwa leso. Kwenye karatasi ya katikati jina la mumewe lilikuwa limeandikwa kwa biro, herufi kubwa za mtu anayelinda mali yake kwenye karamu.

"Baba Njeri, nimekuwa nikikusikia usiku," alisema. "Na hii itaimba?"

Niliifunika ile karatasi kwa kifuniko cha plastiki wino usilowe, nikaiosha kwa maji safi na tone la sabuni, nikaikausha kwa kitambaa cha pamba. Ilikuwa na mikwaruzo mingi. Cucu alikataa kiti. Alisimama ameshika mgongo wake, na kinanda kilipoingia, mguu wake wa kulia ukatoka mbele, hatua moja, hatua mbili, goti likakunjika kidogo. Wimbo ulikuwa wa zile zilizokatwa nusu, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma. Sindano ikafika mwisho, ikawa inanong'ona peke yake kwenye mfereji.

"Geuza," akasema.