Mkuyu kwenye Vipande vya Tofali

Mkuyu wa kando ya mto hukua hadi kivuli chake kikatosha kijiji kizima kufanya mkutano. Ukitaka uishi kama bonsai, yaani mti uliodumazwa, ndani ya beseni lenye kina cha sentimita 6, weka mkasi na waya kando kwanza, ujiulize mizizi itapumulia wapi.

Wajapani hutumia akadama, udongo mgumu wa chembechembe, wakauchanganya na mawe ya volkano yenye vitundu, yale mepesi tunayosugulia visigino. Mawe hayo yapo Rungwe, na Kenya yapo Longonot. Kwetu Kagunga, iliyobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi, hayapo. Kuna changarawe ya ufukoni, na kuna tofali la kuchoma.

Kwanza tuelewane kuhusu maji. Lowesha sponji ya kuoshea vyombo, ilaze kiganjani. Itachuruzika, kisha itatulia. Isimamishe wima, na maji yataanza kutoka tena. Udongo nao ndivyo ulivyo. Hata chombo kikiwa na matundu kumi, chini hubaki tabaka la maji, na kimo chake hutokana na nafasi zilizopo kati ya chembe. Kina cha chombo hakikipunguzi. Tuseme udongo wako unashika sentimita 4. Kwenye ndoo ya sentimita 20 hiyo ni sehemu ya tano tu. Kwenye beseni letu ni theluthi mbili, na mizizi iliyomo humo inakosa hewa na kuoza. Wengi hutandika kokoto chini ya chungu wakiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii: maji husita pale udongo laini unapokutana na kokoto, na tabaka lote linapanda juu, kwenye mizizi. Dawa ni kujaza chombo chote chembe zinazolingana, za milimita 3 hadi 6, zisizo na vumbi.

Mvua za Novemba zilipoanza nilipanda vipandikizi vya mkuyu mmoja katika mabeseni matatu. La kwanza, udongo mweusi wenye samadi, liliongoza kwa majani hadi Machi. Aprili, mvua zikiwa hazikatiki, shina likalegea. Nilipoling'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, ngozi inavuka kwa vidole, inanuka tope la kinamasi.

La pili, changarawe ya ufukoni, ndilo lililonifundisha zaidi. Maji yalipita vizuri, mizizi ilikuwa mizima, lakini majani machanga yalitoka ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Nilitwanga konzi moja ya changarawe, nikaidondoshea siki, ikatoa povu. Ilijaa vipande vya makombe ya konokono wa ziwani, na makombe ni chokaa. Tena nilikuwa namwagilia maji ya ziwa, ambayo pH yake inakaribia 9. Katika hali hiyo chuma hakiyeyuki. Kinaweza kuwamo beseni zima na mzizi usikipate. Nilibadilisha changarawe kwa kokoto nyeupe ngumu ambazo siki haikuzigusa, nikakinga maji ya mvua. Majani yaliyofuata yalitoka ya kijani.

Beseni la tatu lilikuwa la tofali. Nililiponda, nikachekecha vumbi kwa wavu wa mbu, na vipande vikubwa nikavizuia kwa wavu wa chanja ya dagaa. Tofali liwe limeiva: yale ya pembeni mwa tanuri, ukiyaloweka usiku kucha, asubuhi yanarudi kuwa tope. Na kama limewahi kujengewa, kwangua saruji yote, maana nayo ina chokaa. Vitundu vyake hunywa maji na kuyaachia polepole, huku hewa ikipita katikati ya vipande.

Gharama yake ni uangalizi. Tofali halina chakula, kwa hiyo nililisha mbolea hafifu kila wiki. Mwezi wa saba nilimwagilia asubuhi na jioni. Siku moja niliyochelewa, majani yalikuwa yamelala.

Novemba iliyofuata nilifungua beseni hilo. Mizizi ilikuwa myeupe. Mmoja, mwembamba kama uzi, ulikuwa umepenya ufa wa kipande cha tofali kikubwa kama punje ya maharage na kutokea upande wa pili. Nilikirudisha kipande kile pamoja na mzizi wake.