Sala ya Mwalimu wa Kwaya

Jumamosi moja jioni tuliketi nyuma ya kanisa dogo la Gulwe, stesheni ya reli ya kati wilayani Mpwapwa, tukiisikiliza kwaya ikijifunza wimbo. Mwalimu alianza kwa sala, tena sala fasaha: aliomba mvua, akawaombea wagonjwa, akaomba sauti za vijana wake zipokelewe. Akasema "Amina", akaishika karatasi ya solfa, na tangu hapo imani yake hatukuisikia tena. Tulisikia hesabu ya mapigo.

Hatumbezi. Twauliza tu sala ile ilikwenda wapi.

Kwa maoni yetu ilipotelea katika mkazo wa maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni nyingi za Ulaya zilitungiwa lugha ambazo mstari huweza kuishia kwa silabi nzito. Mfasiri alihesabu mizani, zikatimia. Lakini uzito ukaangukia pasipo pake, hata "Bwana" likaimbwa kana kwamba kiini chake ni "na". Asiyeona hasara hapo na alitazame neno "barabara": likikazwa hivi ni njia ya magari, likikazwa vile ni sawasawa. Sisi watunzi wa mashairi hatusameheani kosa la namna hiyo. Kwa nini tulisamehe linapoelekezwa kwa Mungu?

Wala haikuwa lazima kuazima. Wamisionari wa Kianglikana walipofika Mpwapwa katika miaka ya 1870, waliwakuta Wagogo wanaoimba kwa sauti nyingi zinazokwenda pamoja, kwa mpangilio uleule unaosikika katika zeze na marimba zao. Sikio lililolelewa na solfa huuona mpangilio huo kuwa kasoro. Jioni ile kina mama wawili wa safu ya nyuma waliteleza wakaingia humo, mwalimu akawanyamazisha. Sisi twadhani pale ndipo sala ilipokuwa inarudi.

Wakubwa wetu walikwisha kulifikiri jambo hili. Padri Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe katika ibada. Mathias Mnyampala, Mgogo, mshairi na mtumishi wa serikali, aliitia Injili katika utenzi mwaka 1963, na Zaburi mwaka 1965. (Ajabu ni kwamba mtu wa bara aliomba kwa bahari ya pwani, na haikumpwaya.)

Wapo wanaodhani dawa ni kuongeza ngoma na kayamba. Sivyo. Tuni ya kigeni ikipigiwa ngoma hubaki ya kigeni, na neno lililovunjika hubaki limevunjika, ila sasa kwa kelele zaidi. Kazi huanza kwa mwalimu kulitamka neno kama alitamkavyo anaposali, kisha aifuate sauti inakompeleka.

Mazoezi yalipokwisha, mwalimu alifunga mlango huku akiimba peke yake kwa sauti ya chini. Haukuwa wimbo wa karatasi. Tulipomwuliza, alisema ni wa mama yake, wa kutwangia uwele, na kwamba kanisani hajapata kuuleta.