Waliosoma Mwandiko wa Napier

Simon Forman, mganga na mnajimu wa London, alifariki mwaka 1611. Karatasi zake zilimfikia mwanafunzi wake Richard Napier, kasisi wa Great Linford, aliyetibu na kuandika hadi alipofariki mwaka 1634. Leo kumbukumbu zao zimo Maktaba ya Bodleian, Oxford: mashauri ya wagonjwa yapatayo 80,000.

Kuzitunza ni kazi. Kuzisoma ni kazi ngumu zaidi, na waliojitwika mzigo huo ni wahariri wa Cambridge, kwa takriban miaka kumi. Mwandiko wa Napier unatesa macho. Kiingereza cha zamani kinaingiliana na Kilatini, maneno yamekatwa, na alama za sayari zimejaa ndani ya mchoro wa mraba wa kinajimu. Kwa kila mgonjwa mhariri alitafuta jina, umri, siku na saa ya kuuliza, swali lenyewe, tena kama alifika mwenyewe au alimtuma mtu. Alilinganisha herufi moja na nyingine za ukurasa huohuo. Aliposhindwa kusoma neno, hakubahatisha; aliandika wazi kwamba halisomeki. Uaminifu huo ndio ninaouheshimu kuliko yote, maana kubahatisha kungekuwa rahisi na nani angegundua?

Kwa jasho lao tunawasikia watumishi wa ndani, wakulima, wajane, mama aliyefiwa na mtoto na hapati usingizi, mtu anayeamini amelogwa. Mtafiti wa leo huwapata mtandaoni kwa dakika chache, akiwa mezani kwake.