Mgonjwa Kanyimwa Kauli

Katika makala haya nataka tuhakiki jambo moja ambalo sisi wapenzi wa fasihi huwa tunalipita haraka: kitanda cha mtu anayekaribia kufa. Sisemi kaburi, wala matanga. Nasema kitanda, wakati mtu bado anapumua na kusikia, na watu waliomzunguka wanaamua mambo juu yake. Nani anaamua? Na yeye mwenyewe kaulizwa?

Fasihi yetu ya Kiswahili ni tajiri wa maombolezo. Shaaban Robert alimlilia mkewe katika shairi la "Amina". Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), aliwapa wahusika wake wakuu kifo walichojiletea kwa mikono yao, na wasomaji wamebishana wee mpaka leo. Lakini yule mgonjwa wa kawaida, mwenye kansa au figo zilizochoka, anayekwisha polepole wodini, huyo katika hadithi zetu nyingi hupewa sentensi moja tu: alikata roho alfajiri. Nesi naye hupewa kazi ya kuvuta shuka. Kwa maoni yangu huo ni upungufu wa maudhui, tena mkubwa.

Tusijitetee kwamba hatuna mfano. Tunao, tena wa zamani. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake yapata mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na baada ya kama miaka miwili akafariki. Humo mgonjwa mwenyewe ndiye anayemwita binti yake asogee na karatasi na wino. Wengi wameusoma utenzi huo kama mafundisho ya mke kwa mumewe, na wengine wameugombeza kwa sababu hiyo hiyo. Nakubali, yamo mafundisho ambayo msichana wa leo wa Lupepo hatayameza. Lakini ebu usome tena ukiwa umesimama upande wa kitanda. Mgonjwa ndiye anayechagua nani amsikilize, aseme nini, na amwombe Mungu nini. Mwili umechoka, kauli bado ni yake.

Sasa tulinganishe na habari ya kwetu Rungwe. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliishi huku Unyakyusani na mumewe Godfrey katika miaka ya 1934 hadi 1938, na mwaka 1959 mhadhara wake juu ya wafalme watakatifu na pumzi ya watu ulichapishwa. Humo, kwa masimulizi ya wazee, anaeleza habari za Lwembe wa Lubaga. Lwembe alipougua sana hakuachwa afe kwa ugonjwa. Wakubwa waliomzunguka walimziba pumzi, na kabla hajafa walichukua nywele na kucha zake, ili nguvu ya mvua, mazao na ng'ombe isiondoke naye. Ndiyo maana hata cheo chenyewe watu walikiogopa.

Wapo watakaosoma habari hiyo na kusema ni ushenzi. Wapo watakaosema ni hekima ya mababu, mtu mmoja anatolewa ili nchi ipone. Mimi naona wote wawili wanawatazama wale waliosimama. Sababu za waliosimama tunazielewa: njaa inatisha, na mvua isiponyesha watoto watakufa. Aliyelala je? Pumzi yake inajadiliwa kama mali ya nchi, na tunaachwa tukisie tu yeye aliitaka vipi. Tena naomba tusicheke haraka, maana Lubaga haijaisha. Imehamia koridoni.

Tazama mambo yanavyokwenda katika hospitali zetu nyingi. Mama kalazwa, vipimo vimerudi, hali ni mbaya. Daktari anatokeza mlangoni na kuuliza: "Mwenye mgonjwa ni nani?" Neno hilo tumelizoea, lakini mhakiki halali. Mwenye mgonjwa, kama tusemavyo mwenye ng'ombe! Anasimama mjomba, anaambiwa ukweli wote nje. Kikao cha ukoo kinakaa chini ya mti. Je, wampeleke rufaa Mbeya, kilomita kama 70 kutoka Tukuyu? Au Ocean Road kule Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na nauli, na pa kufikia? Wauze ng'ombe, au kile kipande cha chai? Au wamrudishe nyumbani afie kwenye migomba yake? Wakishaamua wanarudi wodini na nyuso za sherehe: "Mama, daktari kasema utapona." Halafu saa nane ya usiku, ndugu wamelala, mama anamshika nesi wa zamu mkono: "Mwanangu, hivi mimi kweli napona?"

Hapo, waandishi wenzangu, ndipo riwaya ilipo. Nesi hakuwepo kwenye kikao. Kumwambia ukweli hakuruhusiwa, na kumdanganya mtu aliyemshika mkono hawezi. Mwandishi wa Kirusi Leo Tolstoy aliliona jambo hili mwaka 1886, alipoandika habari za kifo cha hakimu mmoja, Ivan Ilyich. Madaktari wanabishana kama tatizo ni figo au utumbo, mke na marafiki wanajifanya kwamba ataamka tu. Tolstoy anatuonyesha kwamba uongo huo unamtesa mgonjwa kuliko maumivu. Anayempa nafuu ni Gerasim, kijana mtumishi kutoka shamba, anayemsafisha bila kinyaa, anamwinulia miguu mabegani mwake, wala hajifanyi kwamba hakuna kifo. Gerasim hana cheti cha uuguzi, lakini kazi yake ndiyo hiyo.

Wataalamu wa maadili ya tiba wanayo maandishi yao pia, nayo yanahakikiwa kama mengine. Maarufu ni kitabu cha Wamarekani Tom Beauchamp na James Childress cha mwaka 1979, chenye kanuni nne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Kanuni nzuri. Ila ukizisoma kama hadithi, unaona mhusika wao mara nyingi yuko peke yake na daktari, kana kwamba hana shangazi. Kwetu mgonjwa ana ukoo mzima barazani, na ukoo huo ndio unaoleta uji, unaofua shuka na unaolipa. Kuwafukuza ndugu eti kwa sababu kitabu kimesema mgonjwa aamue peke yake, hilo nalo ni kumwonea.

Lakini ukoo usijifiche nyuma ya mila. Mzee akiulizwa anaweza kujibu: "Msiniambie, mwambieni mwanangu mkubwa." Sawa, huo ni uamuzi wake na uheshimiwe. Tofauti ni kwamba kaulizwa. Swali lenyewe halina gharama yoyote: Mzee, ungependa kujua kiasi gani, na nani akusemee utakaposhindwa kusema? Hapo kanuni ya Mmarekani na baraza la Mnyakyusa vinaweza kukaa mkeka mmoja.

Tusichanganye mambo, maana vijana tukikaa kijiweni huwa tunayachanganya. Kumwulizia mgonjwa si kumwua kwa huruma. Sheria ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu, haitambui kuua kwa huruma, na anayeharakisha kifo cha mgonjwa huhesabiwa kuwa kakisababisha. Kuacha tiba isiyosaidia tena huku ukiendelea kumtunza mtu ni jambo jingine, na kumtuliza maumivu ni jingine pia. Uganda walilielewa hili mapema. Dakta Anne Merriman alianzisha hospisi huko mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo waandike dawa hiyo wenyewe. Nesi akapewa kalamu. Na Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ambalo kanuni zake za maadili zilianza mwaka 1953, katika toleo la 2021 limeongeza neno kwenye wajibu wa kupunguza mateso: kuendeleza kifo chenye heshima. Neno dogo, lakini tangu hapo mgonjwa anayekufa hawezi kuhesabiwa kama kazi iliyomshinda nesi. Naye ni kazi yake.

Basi sisi tunaoandika tufanye nini? Kwanza, tumwache nesi awe mtu. Katika maigizo yetu nesi ama ni malaika ama ni mkorofi anayefokea wajawazito. Yule aliyechoka, mwenye wagonjwa wengi zamu moja, anayejua siri ambayo mwenyewe siri haijui, huyo bado hatujamwandika vya kutosha. Pili, tukipeleka mhusika kitandani tusimnyang'anye mazungumzo. Akitaka kurudi nyumbani aone chai ikichumwa, aseme. Akitaka ng'ombe auzwe ajaribu Dar es Salaam, aseme pia, hata kama ukoo utanuna. Tatu, tusimalize kwa mahubiri. Mjomba naye ana uchungu wake, hajui afanyeje, na ng'ombe ni ada ya shule ya watoto.

Najua wapo watakaosema kumtajia mgonjwa kifo ni kumwita kifo. Hoja hiyo naiheshimu, nimeikuta kwa watu wazima wenye akili zao. Ila waniambie jambo moja: yule mama anayeuliza saa nane ya usiku, nani kamwambia? Kashajua. Anachotafuta ni mtu wa kujua pamoja naye. Mwenye hoja tofauti ailete, kurasa zipo, tubishane.