Laini ya gigabiti, mwendo wa kobe

Mtafiti anayeishi Gatuanyaga na kufanya kazi katika chuo kikuu cha JKUAT, Juja, hana kompyuta kubwa ya kutosha karibu naye. Data yake inabidi isafiri. Hadi Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipoanza huduma, safari hiyo ilipitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani, na jibu kutoka Ulaya lilichukua zaidi ya nusu sekunde. Faiba ya baharini ilishusha muda huo hadi milisekunde 150 hivi. KENET, mtandao wa vyuo ulioanzishwa 1999, ukafikia watafiti wa Ulaya kupitia UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao ya aina hiyo barani Afrika.

Lakini laini nene peke yake haitoshi, na hesabu yake ni rahisi. TCP, itifaki inayosafirisha data mtandaoni, haimwagi data yote kwa mkupuo: hutuma kiasi fulani, kiitwacho dirisha, kisha husubiri risiti. Dirisha la awali halikuzidi kilobaiti 64. Ligawe kwa sekunde 0.15, unapata megabiti 3.5 kwa sekunde, hata kama umelipia gigabiti 1. Kwa mwendo huo, terabaiti moja ya data ya jenomu itachukua siku 26. Laini ikijazwa, ni saa mbili na robo. Kuijaza kunahitaji dirisha la megabaiti 19 hivi. Njia ya kulipanua ilichapishwa mwaka 1992, ila seva ambayo mipaka yake ya kumbukumbu haijarekebishwa bado hukwama.

Adui wa pili ni upotevu. Pakiti moja ikipotea katika kila 100,000, TCP ya kawaida hushuka hadi megabiti 30 hivi kwa sekunde. Mara nyingi zinapotelea kwenye faiawoli ya chuo, iliyoundwa kwa barua pepe na kurasa za wavuti. Wahandisi wa ESnet, mtandao wa utafiti wa Marekani, waliiweka seva ya kuhamisha data ukingoni mwa mtandao, nje ya faiawoli hiyo, ikiwa na kanuni zake za ulinzi. Mpango huo unafaa sana vyuo vyetu.

Kuna mpaka usiovukika. Ndani ya klasta ya kompyuta zilizounganishwa kwa InfiniBand, ujumbe hufika kwa mikrosekunde chache. Juja hadi London ni makumi ya maelfu ya mara zaidi. Modeli ya hali ya hewa, ambayo vipande vyake huulizana kila hatua, haigawiki kati ya miji hiyo. Sampuli za jenomu, kila moja ikijitegemea, zinagawika vizuri.

Wakuu wa TEHAMA, kabla ya kuomba fedha za laini kubwa zaidi, pimeni kwanza kasi kwa programu ya iperf3 kutoka seva ya maabara hadi upande wa pili, kisha mrudie kipimo hicho nje ya faiawoli.