Maji ya Honia: Ubatizo, Tohara na Kuzaliwa Upya katika The River Between

Wahakiki wengi wa The River Between (1965) wameisoma riwaya hiyo ya Ngugi wa Thiong'o kwa jozi za vinyume: Makuyu na Kameno, Joshua na Chege, ubatizo na tohara. Usomaji huu una msingi katika matini, kwani vilima viwili vinatazamana tangu ukurasa wa kwanza. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba wahakiki hao wameipokea, pasipo kuihoji, maana ya ubatizo inayoshikiliwa na mhusika mmoja tu, yaani Joshua, ilhali riwaya yenyewe inaipinga maana hiyo, tena kwa hoja zinazotoka ndani ya Ukristo.

Kwa Joshua, ubatizo ni josho na ukuta. Humwosha mtu ya kale, kisha humtenga na waliobaki nayo. Lakini mantiki yake mwenyewe inamsuta. Mkewe Miriamu alitahiriwa kabla ya kuokoka, na Joshua hachoki kuliona jambo hilo kuwa doa katika ndoa yake. Ikiwa maji yale huondoa ya kale, mbona kovu la mkewe lingali linamkera? Muthoni, bintiye, huuliza swali lilo hilo kwa upole zaidi: wazazi wake wote wawili wametahiriwa, je, hilo limewazuia kuwa Wakristo? Joshua hana jibu, na nionavyo mimi, ukali wake wote unatokana na ukosefu huo wa jibu.

Tuitazame sasa sura ambayo aghalabu hupitiwa haraka darasani. Kabla ya kutahiriwa, Waiyaki hufanyiwa sherehe ya kuzaliwa mara ya pili. Mbuzi huchinjwa, uzi utokanao na mnyama huyo humfunga mtoto na mamaye mithili ya kitovu, mwanamke mzee huukata, mtoto hulia kama aliyezaliwa sasa hivi. Kisha mama hutangulia hadi mtoni Honia, naye mtoto hujitosa majini na kutoka akiwa safi. Msomaji aliyelelewa kanisani hawezi kukosa kumkumbuka Nikodemo katika mlango wa tatu wa Injili ya Yohana, akistaajabu jinsi mtu mzima awezavyo kurudi tumboni mwa mamaye. Swali ambalo Nikodemo aliliona kuwa muhali, watu wa Kameno wamelijibu kwa uzi na maji. Sidai kwamba mila hii ni ubatizo uliojificha. Kusema hivyo ni kuidhalilisha mila na ubatizo pia. Ninachodai ni kwamba mwandishi ameiweka sherehe hii mapema ili tutakapomsikia Joshua akihubiri upya wa maisha, tujue kwamba lugha ya upya haikuletwa na Siriana. Hata jina la mto, ambalo riwaya inalifasiri kuwa uponyaji au kurejeshwa kwenye uhai, lilitangulia kuwasili kwa mhubiri.

Muthoni ndiye anayeufikisha mgogoro huu kwenye mwili. Anamfichulia dadake Nyambura nia yake ukingoni mwa mto huo huo, walikokwenda kuteka maji. Anatahiriwa, kidonda kinaharibika, anafia katika hospitali ya Siriana akisadiki kwamba anamwona Yesu na kwamba amekuwa mwanamke kamili kwa desturi za kabila lake. Wanafunzi wangu humwita mfiadini wa umoja. Jibu hilo ni jepesi mno. Katika mlango wa sita wa Waraka kwa Warumi, ubatizo hauelezwi kama kuosha bali kama kufa na kuzikwa pamoja na Kristo ili kufufuliwa naye. Na katika mlango wa pili wa Waraka kwa Wakolosai, tohara na ubatizo vinatajwa kwa pumzi moja. Joshua, msomaji sugu wa Biblia, amelishika josho na kulisahau kaburi. Anayepita mautini ni binti aliyemkana. Kinaya hiki ndicho kiini cha riwaya, na hakionekani iwapo mhakiki amekwisha kuuweka ubatizo wote upande wa ukoloni.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Neno tohara linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya usafi. Wakatoliki wameliazima katika toharani, mahali pa kutakasika roho. Basi anayeijadili riwaya hii kwa Kiswahili huikuta tohara imekwisha kuwa utakaso kabla hajaanza hoja yake, jambo ambalo Kiingereza cha Ngugi hakilifanyi. Mwaka 2011 Kenya ilitunga sheria ya kupiga marufuku kitendo alichofanyiwa Muthoni, na neno linalopendelewa leo ni ukeketaji, kwa kuwa tohara hukisafisha kisu. Nakubaliana na uteuzi huo katika mahakama na zahanati. Katika uhakiki ni vigumu zaidi. Tukisema ukeketaji pekee, tunaifuta imani ya Muthoni. Tukisema tohara pekee, tunalifuta donda lililomwua. Mimi hutumia yote mawili, nikijua kwamba msomaji atakwazwa.

Kabonyi anahitaji maneno machache tu: alibatizwa, akatoka, akawa kiongozi wa Kiama chenye kiapo chake. Amebadilisha maji kwa kiapo, lakini ukuta ni ule ule wa Joshua.

Ikumbukwe pia kwamba riwaya hii ilitoka kwa jina la James Ngugi. Mwaka 1970, alipouhutubia mkutano mkuu wa kanisa la Presbiteri Afrika Mashariki na kukana kwamba yeye ni Mkristo, msikilizaji mmoja alimkabili kwa jina lake la ubatizo, na baadaye Ngugi aliliacha. Wapo wanaoisoma riwaya kinyumenyume kutokana na tukio hilo, hasa tangu alipofariki mwaka 2025, kana kwamba mwandishi wa 1965 alikuwa amekwisha kuamua. Matini haionyeshi uamuzi huo. Inamwonyesha Nyambura, aliyebatizwa na asiyetahiriwa, akimkaidi babake kwa ajili ya Waiyaki na kukabidhiwa pamoja naye mikononi mwa Kiama, huku Honia ikiendelea kutiririka gizani. Uhakiki wetu umemwandikia Muthoni kurasa nyingi. Huyu dadake aliyebaki hai bado hajaandikiwa zake.