Duara Lisilo na Solo

Mgeni akifika na gitaa lake kwenye duara la wapiga fidla na banjo, huonyeshwa kiti cha nje kidogo, nyuma ya wapiga fidla. Hapewi karatasi ya nota, wala haulizwi anajua nyimbo zipi. Wimbo ukianza inabidi audandie ukiwa unakwenda, na mara nyingi anaudaka. Wengi husema huo ni ukarimu wa watu wa milima ya Appalachia, kule mashariki mwa Marekani. Sibishi. Ila ukifungua boneti utakuta sehemu kubwa ya ukarimu huo imo ndani ya muziki wenyewe.

Tuanze na hesabu. Nyimbo nyingi za fidla za huko zina vipande viwili; kila kimoja kina mapigo 16 na hupigwa mara mbili, kwa hiyo mzunguko mzima ni mapigo 64. Kwa mwendo wa mapigo 110 kwa dakika, mzunguko unakwisha kwa sekunde 35 hivi. Sasa, duara haliupigi wimbo mara moja likaacha. Linaurudia mara 10, 15, pengine zaidi. Asiyeujua kabisa anapata dakika sita hadi tisa za kujifunza bila mtu kusimamisha ngoma kwa ajili yake. Mzunguko wa kwanza anatafuta wimbo unarudi nyumbani kwenye sauti gani. Wa pili anajua kodi zinageuka wapi (kodi za wapiga gitaa, si za serikali), nazo kwa wimbo kama Soldier's Joy ni tatu tu: D, G na A. Kufikia wa tano, vidole vimeanza kuokota mifupa ya wimbo, nyama itafuata.

Halafu hakuna solo. Sisi tuliokulia kwenye dansi tunakaa tukisubiri gitaa la solo lichomoke. Hata blugrasi, mtindo wa muziki wa Marekani aliouasisi Bill Monroe miaka ya 1940, ina zamu: banjo inatoka mbele, inarudi, fidla inapokea. Huku fidla zote zinaubeba wimbo pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kosa la mmoja linamezwa na sauti za wengine.

Lakini kifaa kinachonivutia zaidi ni banjo. Tazama mkono wa kulia: umekunjwa nusu ngumi. Ukucha wa kidole cha shahada unashuka juu ya uzi, haukwangui kwenda juu. Kisha kidole gumba, kilichokuwa kimetua kwenye uzi wa tano, kinauachia. Uzi huo ni mfupi, unaanzia katikati ya shingo ya banjo, na kwa kawaida haubonyezwi, hivyo unalia sauti ileile wimbo mzima. Akonting ya Wajola wa Gambia na Senegali nayo ina uzi mfupi wa kidole gumba na hupigwa kwa ukucha unaoshuka. Si ajabu, kwani banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo. Mpiga banjo Mmarekani Béla Fleck alipoileta banjo yake Uganda, Tanzania, Gambia na Mali mwaka 2005, safari hiyo ilizaa filamu iliyobeba, kwa Kiingereza, maana ya jina la Bagamoyo: bwaga moyo.

Uzi huo mfupi wa banjo ndio unaolifunga duara kwenye ufunguo mmoja. Kutoka D kwenda A, wapiga banjo wanatuni upya, na wapiga fidla wengi nao wanakaza uzi huu au ule. Nani anataka adha hiyo kila dakika kumi? Basi wanabaki D saa nzima, na mgeni ananufaika na uvivu wao.

Kujifunza kwa kusikiliza na kudandia ndivyo ufundi ulivyopita kwa Tommy Jarrell, mpiga fidla na dereva wa greda aliyestaafu huko North Carolina. Vijana walimiminika nyumbani kwake Toast hadi alipofariki 1985, wakajifunza wakiwa wamekaa naye goti kwa goti. Joe Thompson, mpiga fidla mweusi wa Mebane katika jimbo hilohilo, aliwapokea vivyo hivyo vijana walioanzisha kundi la Carolina Chocolate Drops mwaka 2005.

Usidhani lakini kwamba duara ni la kila mtu afanye atakavyo. Aliyeanzisha wimbo, mara nyingi mpiga fidla, ndiye mwenye mwendo. Mpiga gitaa anayepachika kodi za jazi atatazamwa kwa jicho la pembeni, na besi mbili zikikaa pamoja ni matope matupu. Kama huisikii fidla, punguza mkono.

Wimbo ukikaribia kwisha, mwenye wimbo ananyanyua mguu mmoja bila kusema neno. Mgeni anayekodolea macho vidole vyake hauoni, anabaki akipiga mapigo mawili matatu peke yake. Hakuna anayegeuka kumtazama. Mwenye fidla ameshauanza mwingine, D ileile.